Gari limefika Bariadi, desturi yake bado iko njiani

Msimu wa pamba ukifunguliwa, fedha za Simiyu huelekea mahali panapojulikana: mabati ya nyumba, ng'ombe, ada za watoto, pikipiki. Mwenye mfuko mzito zaidi hutafuta gari. Akishasema anataka gari, jirani hamuulizi ni la kampuni gani. Anamuuliza kama ni Probox, Noah au Ist. Suala la Toyota limekwisha kabla mazungumzo hayajaanza. Kwenye stendi ya Bariadi, njia panda ya Lamadi, kwenye vumbi la Mwanhuzi na la Lagangabilili, nembo ni ile ile. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.1, kwa hesabu ya sensa ya 2022, umeichagua bila kushurutishwa na mtu.

Mkoa huo huo ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na hapo pana jambo ambalo wamiliki wengi wa magari haya hawajawahi kusimuliwa: Toyota ilizaliwa kwenye pamba.

Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867, mtoto wa seremala wa kijijini katika Japani ya kati, eneo ambalo wanawake walifuma nguo za pamba majumbani usiku na mchana. Mwaka 1891 alipata hataza yake ya kwanza, ya mtambo wa mbao wa kufumia kwa mkono. Aliendelea kuuboresha kwa zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 1924 alipokamilisha ule uliompa jina duniani. Ubora wake mkubwa haukuwa mwendo kasi peke yake. Kila uzi ulishikilia kipande chembamba cha chuma. Uzi ukikatika, kipande kinaanguka, na mtambo mzima unasimama wenyewe papo hapo. Kwenye mtambo usio na kifaa hicho, uzi mmoja ungeweza kukatika na mashine ikaendelea kufuma nguo mbovu mita baada ya mita mpaka mtu ashtuke. Kwa mtambo wa Toyoda, mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mitambo zaidi ya 30, kwa sababu hakulazimika tena kuikodolea macho. Wenye hitilafu ulijitaja wenyewe.

Mwaka 1926 Sakichi na wenzake walianzisha kampuni ya kutengeneza mitambo hiyo. Mwaka huo huo meli za Osaka Shosen Kaisha zilianza safari za kawaida kati ya Japani na Afrika Mashariki. Zilichukua pamba, hasa ya Uganda, na zikarudi na vitambaa; kanga zilizochapwa Japani zilivaliwa Unguja, Mombasa na bara kwa miongo kadhaa. Yaani kabla bibi wa Kisukuma hajaona gari la Kijapani, huenda alikuwa amekwisha kujifunga nguo ya Kijapani.

Kutoka kwenye nguo hadi kwenye gari hapakuwa mbali. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyokuwa imeifundisha dunia nzima kufuma kwa mashine, ilisaini mkataba wa pauni 100,000 ili ipewe haki ya kuutengeneza mtambo wa Toyoda. Miaka minne baadaye Kiichiro, mtoto wa Sakichi, alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda kile kile cha mitambo ya kufumia. Gari dogo la kwanza, AA, lilitoka 1936, na Toyota ikasajiliwa kuwa kampuni inayojitegemea mwaka 1937. Njia haikuwa tambarare. Mwaka 1950 ilikaribia kufilisika, wafanyakazi wakagoma, Kiichiro akajiuzulu. Kilichoiokoa ni oda za malori ya jeshi la Marekani wakati wa vita vya Korea.

Aliyeijenga upya kwa namna inayojulikana leo, Taiichi Ohno, naye alitoka kwenye nyuzi. Alianza kazi katika kiwanda cha nguo cha ukoo wa Toyoda mwaka 1932, akahamia kwenye magari mwaka 1943 akiwa na somo la ule uzi uliokatika. Katika viwanda vya Toyota pakawekwa kamba juu ya mstari wa kuunganishia magari. Mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa wiki iliyopita, akiona bolti haijakaza huivuta. Msimamizi huja, na tatizo lisipotatuliwa kwa muda uliopangwa, mstari unasimama. Hakuna anayemuuliza kwa nini amechelewesha kazi.

Sifa ya Toyota ya kutokufa haraka, ambayo kila dereva wa Simiyu anaisimulia, ina mizizi hapo.

Sifa nyingine ina mizizi gereji. Ukifungua boneti ya Probox, ya Ist, ya Raum, ya Spacio, ya Sienta au ya Premio ndogo, kuna uwezekano mkubwa utakuta injini moja: 1NZ ya lita 1.5. Fundi aliyejifunza kuifungua kwenye gari moja amejifunza kwenye magari mengi yanayopita mbele ya gereji yake. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda wa kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa. Pampu ya maji, plagi, kifuniko cha tapeti, vyote hupatikana Bariadi, na kisichopatikana hupanda basi la Mwanza asubuhi kikafika siku hiyo hiyo. Mwenye gari la Ulaya akiharibikiwa na kitu kidogo husubiri mzigo kutoka Dar es Salaam, na wakati mwingine kutoka Dubai.

Probox yenyewe ilitoka mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Wajapani waliichora kwa ajili ya watu wa mauzo na mafundi wanaozunguka na vifaa: nyuma wima kama sanduku, sakafu ndefu, mapambo hakuna. Sheria za nchi yao ndizo zinazoyafikisha magari haya Tanzania yakiwa bado na nguvu. Gari jipya la binafsi Japani hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huwafanya wengi waliuze mapema. Usukani uko kulia, mwendo ni wa kushoto kama hapa. Likishuka bandarini Dar es Salaam halihitaji kubadilishwa chochote.

Kwa njia za udongo mweusi wa mbuga za Meatu na Itilima, ambao mvua ikinyesha hushika tairi na kuligandisha gari, kuna Land Cruiser. Gari la kwanza la ukoo huo lilipanda hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji mwaka 1951, na toleo lililoanza 1984 bado linatengenezwa. Watanzania huliita mkonga kwa ajili ya bomba lake la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Injini yake ya dizeli ya 1HZ, pistoni sita na ujazo wa lita 4.2, haina kompyuta ya kuigombeza pampu. Askari wa Pori la Akiba Maswa na muuguzi anayemkimbiza mama mjamzito hospitalini hawalipendi kwa sababu ya umaridadi. Wanalipenda kwa sababu linarudi.

Na kuna bei. Noah iliyotunzwa vizuri hupata mnunuzi ndani ya siku chache, hata mwenye nayo akiwa na msiba na haraka. Katika nchi ya Wasukuma, ambako ng'ombe ndiye benki ya ukoo, Toyota imeingizwa kwenye hesabu ile ile: mali inayouzika siku ya shida. Mtu asiyeelewa hilo atadhani ni ushamba au mkumbo. Si mkumbo, ni hesabu sahihi ya watu wanaojua thamani ya fedha iliyotokana na jembe.

Lakini mahaba hayo yana upande unaouma, na ndio unaostahili kusemwa kwa sauti zaidi. Simiyu imelipokea gari la Toyota, haijaipokea desturi iliyolitengeneza.

Tazama Probox zinazobeba abiria, ambazo Kanda ya Ziwa huziita michomoko. Kadi ya gari inasema watu watano, dereva akiwemo. Gari linaondoka na wawili kwenye kiti cha mbele mbali na dereva, wanne au watano katikati, na nyuma kwenye mizigo wengine wamekunja magoti juu ya gunia la mahindi. Spring zimeongezewa spesa ili tumbo lisiguse chini. Barabara ya lami ya kilomita 171.8 kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi ni neema kubwa kwa mkoa, lakini imeongeza kitu ambacho njia ya vumbi haikukiruhusu: mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye gari lenye breki zilizopimwa kwa watu watano.

Kisha tazama dashibodi. Taa ya njano yenye umbo la injini imewaka. Taa hiyo ni mjukuu wa kile kipande cha chuma cha Sakichi. Imewekwa ili gari lijitaje lenyewe linapoumwa. Kwenye magari mengi ya biashara imezoeleka kiasi kwamba imebandikwa kipande cha mkanda mweusi isimsumbue dereva usiku, au balbu yake imechomolewa kabisa. Gari lililobuniwa na watu walioutukuza mtambo unaosimama linaendeshwa na watu waliolizuia lisiseme.

Kumlaumu dereva ni rahisi na si haki. Dereva wa mchomoko analala akiwaza hesabu ya tajiri, yaani fedha anazodaiwa na mwenye gari. Hesabu ni ya kila siku, iwe mvua iwe jua, na breki zikianza kulia Jumanne asubuhi, muda atakaokaa gereji utakatwa kwenye mkate wa watoto wake. Katika kiwanda cha Toyota mtu wa chini kabisa ana mamlaka ya kuvuta kamba. Bariadi, mtu aliyeshika usukani wenye roho za watu wanane hana.

Wapo wanaotaka michomoko ipigwe marufuku. Ni jibu la mtu asiyetoka kijijini. Basi kubwa haliingii kila njia ya Meatu, wala halimsubiri mgonjwa saa kumi alfajiri. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, pamoja na polisi wa usalama barabarani, wangefanya kazi yenye faida zaidi kwa kuyatambua magari haya, kuyapa njia na leseni, kuisimamia idadi iliyoandikwa kwenye kadi, na kudai ukaguzi wa breki, tairi na usukani mara mbili kwa mwaka. Nauli itapanda kidogo abiria wakipungua. Ni bora isemwe wazi kuliko kujidanganya kwamba nauli ya sasa ni rahisi. Inalipwa na wanaovunjika miguu.

Kusimama ili kurekebisha kosa hakumshushii mtu hadhi, na Toyota yenyewe imelazimika kulikumbuka hilo. Februari 2010, baada ya mamilioni ya magari kurudishwa kwa hitilafu, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro aliyekuwa mkuu wa kampuni, alikaa mbele ya Bunge la Marekani na kukiri kwamba kampuni ilikuwa imekua kwa kasi kuliko uwezo wake wa kujenga watu. Mwishoni mwa 2023 ilibainika kwamba Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, ilikuwa imechezea majaribio ya usalama kwa miaka mingi. Viwanda vikafungwa, kikiwemo cha Kyoto kinachounda Probox. Probox ilirudi kwenye mstari Februari 2024, baada ya serikali ya Japani kuiruhusu.

Mafundi nao wanastahili kutazamwa upya. Kijana anayeshusha gia boksi chini ya mwarobaini, turubai limetandikwa na spana zimepangwa kwenye bati, ni nusu ya jina zuri la Toyota mkoani. Wengi walijifunza kwa macho, kwa fundi mkubwa, bila cheti. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kuupima na kuurasimisha ujuzi wa namna hiyo, na halmashauri za Simiyu zingeweza kuwalipia ada mafundi wa gereji kutoka mikopo ya vijana zinayoitoa. Fundi mwenye cheti atakuwa na kifua cha kumwambia tajiri kwamba gari hili leo haliondoki. Atakuwa pia na sababu ya kuzikataa breki pedi feki zinazouzwa kwenye boksi lenye nembo ya kweli.

Ugonjwa huu wa kuzima onyo hauko kwenye magari tu. Pamba ya kanda ya kilimo ya magharibi, Simiyu ikiwemo, imeshushiwa bei kwa miaka mingi kwa sababu ya mchanga na maji yanayochanganywa ili mizani iongezeke. Karani wa chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, anayeuona mchanga na kuandika kilo hizo hizo anafanya lile lile analofanya dereva aliyebandika mkanda kwenye taa. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi, na kila kiongozi anayesimama kwenye viwanja vya Nyakabindi siku ya Nane Nane huahidi viwanda vya nguo. Viwanda hivyo vinahitaji umeme na mitaji, ndiyo. Vinahitaji pia nyuzi ambazo mtu alizikagua na akathubutu kuzirudisha.

Kwa upande wa barabara, kazi inaweza kuanza msimu huu bila kusubiri bajeti. Kila mchomoko uwe na daftari: tarehe ya oili, breki pedi, tairi na boljoint, jina la fundi na saini yake. Mwenye gari atie saini humo kila Jumapili, na amwachie dereva siku moja ya gereji kwa mwezi isiyodaiwa hesabu. Umoja wa madereva wa stendi ukikubali kwamba gari lisilo na daftari halipangwi foleni, abiria wa Bariadi anayekwenda Lamadi ataweza kuomba kuliona kabla hajalipa nauli.