Hongera Zenu Zimenitia Hasara

Nilipotea kidogo, kisa majaribio ya darasani yaliyolundikana wiki mbili mfululizo. Leo nimerudi na dukuduku. Atakayekwazika anisamehe, lakini lazima niliseme: nyie watu mmenidanganya. Tena mmenidanganya huku mnatabasamu.

Mnaikumbuka ile tovuti yetu? Mimi na mshkaji wangu wa chumbani tuliijenga likizo iliyopita, ili mwanafunzi aliyepangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye mkoa asioujua apate chumba cha kupanga karibu na shule. Aliyewahi kwenda TP anaijua shida ile. Unashuka stendi jioni na begi lako, hujui pa kulala, na hela ya kujikimu ni ya kuhesabu. Tukaona dawa tumeipata. Sh. 150,000 za bumu zikaondoka kulipia jina la tovuti na mahali pa kuiweka, achilia mbali bando na wiki sita za kukesha.

Tukawaonyesha. Niliuliza watu kama 30, mmoja mmoja: "Umeionaje?" Majibu yenu ninayo mpaka leo. "Safi sana." "Kali kinoma." "Hongera mwanangu, mtatoka nyie." Mmoja alisifia mpaka rangi ya bluu. Basi tukavimba vichwa. TP ikafika, watu wakapangiwa shule, wakasafiri. Waliojisajili kwenye tovuti: 4. Na kati ya hao 4, wawili ni mimi na mshkaji wangu!

Kilichoniuma siyo hiyo namba. Wiki iliyopita nikiwa kwenye foleni ya chakula nikasikia wawili wa mwaka wetu wakiongea, hawakuniona. "Ile kitu yao nilijua tu haiendi. Nani akajisajili kule kote kutafuta chumba?" Ndugu yangu, ulijua! Mbona mimi uliniambia kali kinoma?

Sasa nisiwe mnafiki, na mimi nina kesi ya kujibu. Sisi wa ualimu tulitakiwa tuone aibu kuliko watu wa kitivo chochote. Mwalimu akimaliza kufundisha akauliza "Mmeelewa?", darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" Kesho yake wape swali ubaoni, nusu hawajui hata pa kuanzia. Tumefundishwa kwenye upimaji kwamba "mmeelewa?" siyo kipimo. Kipimo ni kumpa mwanafunzi kazi, kisha umwangalie anavyoifanya. Tunaijibu vizuri kwenye mtihani, halafu nikitoka na kitu changu nauliza "umeionaje?" Ni "mmeelewa?" ile ile imevaa suti, na nyie mkaniitikia "Ndiyooo!"

Najua mtaniambia nini. Kwamba tumelelewa kutomvunja mtu moyo, hata chumvi ikizidi mgeni husema chakula kitamu. Sawa, kwa mgeni wa siku moja hiyo ni adabu. Lakini mtu anayetia bumu lake kila mwezi kwenye chungu chenye chumvi nyingi, ukimwambia kitamu unamfilisi. Mtieni moyo mtu, lakini kazi yake isemeni ilivyo.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Hata msema kweli hajui kesho atafanya nini. Angalieni M-Pesa. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walipoijaribu kule Kenya, lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Watu wa kwenye majaribio wakaanza kuitumia pia kutumiana hela wao kwa wao. Wenye mradi wakaliona hilo, na Machi 2007 huduma ilipozinduliwa rasmi, kutuma hela nyumbani ndiyo ikawa habari ya mjini. Wangeishia kuuliza tu "mmeupenda mpango wetu wa kulipa mikopo?", sidhani kama wangelijua.

Wala hahitajiki umati. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watu 5 tu wakitumia tovuti, unaweza kuziona karibu asilimia 85 ya kasoro zake za matumizi. Ukiwa nao 15, alisema, wagawe watano watano mara tatu, ukirekebisha katikati. Watano hao hawatakuambia ni wangapi watakuja. Watakuonyesha wapi wanakwama.

Basi Jumamosi nikafanya ninachokihubiri. Nikamwomba dada mmoja wa mwaka wa kwanza, hanijui wala simjui. Nikampa simu: "Umepangiwa shule fulani, tafuta chumba." Nikafunga mdomo. Jamani, kufunga mdomo ni kazi! Akaandika jina la shule, tovuti ikamdai achague mkoa, wilaya, kata. "Kaka, kata mimi naijulia wapi?" Akajaribu kupita, ikamdai baruapepe na neno la siri. Akanirudishia simu. Dakika mbili hazijaisha.

Nikamuuliza, bila hii ungefanyaje? Akajibu bila kufikiri: "Ningemtafuta aliyekwenda shule hiyo mwaka jana, nimpigie."

Nilikaa kimya. Wiki sita za kukesha, na jibu lilikuwa pale. Watu hawatafuti orodha ya vyumba, wanamtafuta mtu aliyewatangulia. Dada yule hakunipa hata hongera moja, na amenisaidia kuliko nyie wote 30.

Kwa hiyo tunabomoa tunaanza upya. Kesho saa kumi jioni nitakuwa mezani pale kwa mama ntilie wa getini na simu yangu. Nahitaji watu watano wanaokwenda TP mwakani. Chai na chapati juu yangu. Masharti mawili tu: utafanya nitakachokupa mbele ya macho yangu, na neno "hongera" uliache hosteli.

Na wewe mwenye kitu chako unachokijenga usiku, acha kutuuliza tumekionaje. Tupe tukitumie, kaa kimya, angalia. Itauma, lakini haitauma kama foleni ya chakula.

Nawasilisha.