Ukisasisha Linux, Tunza Toleo la Zamani

Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, Mkunazini, Mji Mkongwe. Wateja wangu wengi ni nyumba za wageni na ofisi ndogo zinazotumia Debian au Ubuntu, aina za Linux zisizohitaji leseni ya kulipia. Kilio chao ni kimoja: "Fundi, mashine imejisasisha usiku, leo printa haitoi risiti. Irudishe ilivyokuwa."

Kujua cha kurudisha si kazi. Faili la history.log, ndani ya /var/log/apt, linataja kila kifurushi cha programu kilichosasishwa, toleo lililotoka na lililoingia. Kazi ni kulipata hilo lililotoka. Tangu 2016 amri ya apt hufuta vifurushi ilivyoshusha mara tu inapomaliza kuvisakinisha. Apt-get ndiyo bado huviweka. Matoleo yaliyoondolewa kwenye ghala la kawaida la Debian hutafutwa snapshot.debian.org, na huko hufiki bila intaneti.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Siku kama hiyo, asiye na toleo la zamani kwenye diski yake atawaandika wageni kwa kalamu.

Kwa hiyo nashikilia: asiye na nakala asisasishe leo. Tumia apt-get, kisha nakili /var/cache/apt/archives kwenye diski ya nje. Kifurushi kilichokwisha kufutwa na apt, dpkg-repack hukiunda upya kutokana na faili zilizomo mashineni, mradi ufanye hivyo kabla ya kusasisha. Na data, jamani, data! Programu ikishabadilisha muundo wa hifadhidata, toleo la zamani huenda lisiweze kuisoma hata ukilirudisha.

Wapo mafundi wenzangu wanaozima masasisho moja kwa moja. Sikubaliani nao hata kidogo. Masasisho huziba mianya ya wadukuzi, na mashine ya mapokezi ina nakala za pasipoti za watu. Kifurushi kilicholeta matata kifungwe peke yake kwa apt-mark hold mpaka marekebisho yatoke, vyengine viendelee.

Na ili tusikwame intaneti ikikatika, ghala la pamoja la vifurushi vya zamani liwekwe hapa hapa Unguja. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Tunguu, kina wanafunzi wa kompyuta wanaoweza kuliendesha, nasi mafundi wa mjini tuko tayari kuchangia diski.