Lipia Ujuzi, Usilipie Hofu

Wanachuo wenzangu, tuongee kuhusu kitu kidogo kuliko kifuniko cha soda: betri ya rimoti ya gari. Najua wengi wetu hatuna gari. Lakini tuna shemeji mwenye IST, tuna mjomba mwenye Noah, na wapo wenzetu ambao jioni wanashika usukani kati ya Nyegezi na mjini kwa sababu boom halifiki mwisho wa semista. Siku rimoti ikigoma, wewe "msomi" ndiye utakayeulizwa.

Mmoja wa hao wenzetu aliambiwa ufunguo wake "umefutika", kwa hiyo lazima uprogramiwe upya kwa kompyuta. Bei: elfu sabini. Kabla hajatoa hela tuliufungua hosteli kwa bisibisi ndogo, tukaweka betri ya elfu mbili. Milango ikaitika palepale.

Hakuna uchawi hapo. Betri ile inarusha mawimbi ya kufunga na kufungua milango. Siri ya gari yenyewe imehifadhiwa kwenye chipu ambayo, kwa magari mengi, haisahau kitu betri ikitolewa. Hata betri ikifa kabisa, rimoti ya gari la kuwasha kwa kitufe huwa imefichwa ufunguo wa chuma ndani yake. Fungulia mlango, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe, washa. Na namba ya betri inajisoma: CR2032 ni milimita 20 kwa upana na 3.2 kwa unene. CR1616 ni 16 kwa 1.6. Nunua namba ileile, na kabla ya kutoa ya zamani angalia alama ya jumlisha imeelekea wapi. Basi.

Atatokea wa kusema nawanyima mafundi ugali. Hapana. Huu ni mji wa mafundi. Makoroboi pale katikati imebeba jina la vibatari vya makopo. Ufunguo ukipotea au chipu ikiharibika, hapo kuna kazi ya kweli, na fundi alipwe haki yake bila longolongo. Ninachokataa ni mtu kutozwa kwa sababu ameogopa kuuliza. Na sisi tunaokaa miaka mitatu au minne darasani tukiogopa kufungua kiganda cha plastiki, mtaani tutamsaidia nani?

Ila ukijifunza kuitoa, jifunze na pa kuiweka. Betri hiyo mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake ukikutana na unyevu wa mwili hutengeneza kemikali inayounguza nyama, na saa mbili tu zinatosha kuleta jeraha kubwa. Hapo hakuna kusubiri, ni kukimbilia hospitali. Iliyochoka kuendesha rimoti bado ina nguvu ya kufanya hivyo. Wengi wetu tumepanga Malimbe kwenye nyumba zenye watoto, na watoto huokota chochote kinachong'aa. Tukiitupa mtaroni nako si salama: mvua ikipiga kwenye milima yetu ya mawe, takataka zinashuka, nyingine zinaingia Mto Mirongo mpaka ziwani. Humo ndimo tunamovua sato na kuchota maji ya bomba.

Kwa hiyo naiomba serikali ya wanafunzi mambo mawili, yote ya bei nafuu. Kwanza, iweke kopo lenye mfuniko ofisini kwake. Kila betri ya duara iliyokwisha izibwe kwa selotepu pande zote mbili, iingie humo, na kopo likijaa likabidhiwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Pili, itenge Jumamosi moja, wenzetu wa uhandisi watufundishe nusu saa tu.

Bisibisi nitaleta mimi.