Miwani ya uhalisia pepe si anasa ya watu wa mjini

Natoa maoni yangu kuhusu vyombo vya uhalisia pepe, yaani ile miwani ambayo mtu akiivaa huona mahali pengine kana kwamba yupo pale pale, pamoja na nduguye uhalisia ulioboreshwa, ambao huongeza picha juu ya vitu unavyovitazama kwa simu. Wananchi wengi, na hata baadhi yetu walimu, husema hiyo ni michezo ya vijana wenye fedha za kuchezea. Mimi sikubaliani nao.

Vyombo hivi havikuanzia kwenye michezo. Huko Marekani, mwaka 1968, Ivan Sutherland alionyesha chombo cha kuvaa kichwani, kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa kampuni ya ndege ya Boeing walikuwa wakitafuta njia ya kumwonyesha mfanyakazi, mbele ya macho yake, mahali pa kupitisha nyaya. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa madaktari 16 waliokuwa wakijifunza upasuaji. Wale waliojizoeza kwanza kwa uhalisia pepe walikitenga kibofu cha nyongo na ini kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 29 kuliko wenzao, na makosa yao yalikuwa machache mno. Mgonjwa aliyelala mezani haulizi kama daktari wake alijifunzia kwenye mchezo! Na kijana anayejifunza kuchomelea vyuma kwa njia hii hapotezi vyuma, wala akikosea hajiunguzi.

Lakini linaloniuma zaidi ni shule zetu. Mimi hufundisha historia katika shule ya kijijini. Tunawaambia watoto kwamba kule Laetoli, Ngorongoro, mwaka 1978 zilifukuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita. Hata kama wazazi wangechanga nauli ya darasa zima, watoto wasingeziona, kwa kuwa katika miaka ya 1995 na 1996 zilifukiwa upya kwa udongo na mawe ili mvua na mizizi ya miti isiziharibu. Walifanya vyema kabisa. Mwaka 2015 zilipatikana nyingine, kama mita 150 kutoka pale, na wataalamu wakazipima na kuzitengenezea maumbo ya kompyuta. Basi maumbo hayo yapo, nyayo ni zetu, na mtoto wa Kitanzania bado anaambulia picha ndogo kitabuni, wakati angeweza kuinama na kuzitazama kana kwamba ziko miguuni pake.

Watu watasema hatuna fedha. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa mfano wa miwani ya boksi la karatasi ngumu na lenzi mbili, ambamo simu hupachikwa. Kinachotakiwa ni simu yenye uwezo wa kuhisi kichwa kinapogeuka, na si simu zote za bei nafuu zilizo nao. Kwa hiyo napendekeza miwani michache iwekwe katika kituo cha walimu na kuzungushwa shule hadi shule, pamoja na simu zake na chaji ya jua.

Masomo yenyewe, hata hivyo, tusingoje kuletewa. Google hao hao walikuwa na programu ya safari za namna hii kwa mashule, iliyoitwa Expeditions, na mwaka 2021 wakaifunga. Shule zilizoitegemea zilifanya nini? Taasisi ya Elimu Tanzania ishirikiane na wataalamu wa mambo ya kale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watengeneze masomo kwa Kiswahili, yahifadhiwe ndani ya simu yenyewe, maana mtandao wa huku kwetu tunaujua wenyewe. Waanze na Laetoli, kisha Kilwa Kisiwani.

Jambo moja wahusika waliangalie mapema: miwani hii huwatia watu wengine kizunguzungu, na watoto wadogo hawafai kuvalishwa. Kampuni ya Meta, ambayo mwaka 2023 ilishusha umri wa watumiaji wake, iliishia miaka 10. Madarasa ya juu yatoshe, tena kwa dakika chache, mwanafunzi akiwa ameketi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida Vijijini.