Anayetazama Tamthilia ya Kituruki Si Limbukeni

Kuna hukumu inayotolewa kila kona ya Dodoma, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Majengo mpaka kumbi za semina za wasomi: Mtanzania anayekaa jioni kutazama tamthilia ya Kituruki, ya Kikorea, ya Kihindi au ya Kifilipino amepotea. Ataitwa limbukeni. Ataambiwa ana kasumba ya kikoloni, anadharau vya kwao, anaua Kiswahili na anawanyima riziki wasanii wa nyumbani. Akiwa mwanamke, maneno yanazidi makali, maana ataambiwa pia kwamba ametelekeza familia kwa sababu ya runinga.

Naipinga hukumu hiyo. Haina ushahidi, inamdhulumu mtazamaji, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inawakinga wale wanaostahili kuulizwa maswali.

Wanaoitoa wangeanza kwa kuwasikiliza watazamaji wenyewe. Ingia kwenye saluni ya kusuka pale Nkuhungu au Chang'ombe saa ya tamthilia. Runinga imetundikwa juu ya kioo, mmoja anasukwa, wengine wanasubiri zamu kwenye benchi. Hadithi ni ya Istanbul, sauti ni za Kiswahili. Mama mkwe amemficha mkwewe hati ya nyumba aliyoacha marehemu. Msusi anasita, rasta ikining'inia katikati ya vidole vyake. Mmoja anasema mjane aende mahakamani kesho asubuhi. Mwingine anasema kikao cha ukoo kwanza. Mama wa makamo, mwenyeji wa Mpwapwa, anawakatiza wote: kikao cha ukoo ndicho kilichomnyang'anya dada yake shamba. Hapo Uturuki inasahauliwa. Wanajadili wosia, wanajadili wazee wanaokaa kikao huku wameshaamua, wanajadili binti anayeolewa bila cheti. Tamthilia inaendelea peke yake mpaka mtu aombe sauti iongezwe.

Watu hao wanaichukua hadithi, wanaipima kwa maisha yao na kuitolea uamuzi, na kazi hiyo ndiyo wanayofundishwa wanafunzi wa fasihi darasani. Tena wanaifanya kwa fedha zao. Mama ntilie anayelipia kifurushi cha king'amuzi anajua bei ya unga na bei ya mkaa. Hawezi kutoa fedha mwezi baada ya mwezi kwa kitu kisichomgusa.

Tukitaka kujua kinachomgusa, tutazame hadithi zenyewe. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Inamhusu bibi harusi wa Beijing aliyeolewa katika familia yenye mama mkwe zaidi ya mmoja, kwa kuwa baba mkwe alikuwa ameacha na kuoa tena. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Hakuna aliyeipenda kwa ajili ya maghorofa ya Beijing. Waliipenda kwa sababu nyumba yenye mama wakwe wawili inaeleweka vizuri sana Kondoa, Bahi na Manyoni. Azam TV ilipoleta Sultan, hadithi ya Sultan Suleiman na Hurrem iliyotengenezwa Uturuki, watu walifuatilia mambo wanayoyafahamu: wake wenza, mtoto gani atarithi, na nani ananong'ona sikioni mwa mkubwa.

Na hapa ndipo shutuma ya kuua Kiswahili inapoanguka. Isidingo ya Afrika Kusini ilipokuwa ikioneshwa ITV, ilizungumza Kiingereza. Asiyekijua alimtegemea mwanawe aliyefika sekondari amtafsirie, au alikisia kwa sura za waigizaji. Leo tamthilia nyingi za kigeni haziingii sebuleni bila kujifunza Kiswahili kwanza. Walioifungua njia hiyo ni watafsiri wa mitaani wa vibanda vya video, akina Lufufu wa Dar es Salaam, waliosimulia filamu za Marekani, India na China kwa Kiswahili cha uswahilini, wakifafanua, wakionya, wakimpa mtazamaji habari ambazo filamu yenyewe haikuzisema. Baadaye makampuni yakafuata. Mwaka 2016 kampuni ya Kichina ya StarTimes iliendesha shindano la kutafuta vipaji vya kuingiza sauti za Kiswahili nchini, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Kijana aliyekuwa akiigiza sauti za watu kijiweni amepata ajira kwa sababu Wachina wanahitaji Kiswahili chake. Lugha inayolipwa mshahara Beijing haifi.

Hata wale wanaotazama bila kutiwa sauti wana jambo la kutufundisha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanarushiana sizoni za Kikorea kwenye flashi na kuzifuatilia kwa maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya skrini. Sisi tunaolalamika kila siku kwamba vijana hawasomi tunapaswa kuliona hilo: usiku mmoja kijana anasoma mamia ya mistari, kwa kasi, bila mtihani wala kiboko, kwa sababu anataka kujua kilichompata mhusika. Kiu ya kusoma wanayo. Kinachokosekana ni maandishi hayo hayo kwa Kiswahili.

Kuhusu dharau kwa vya kwetu, historia yetu inakataa. Mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka, na mambo yake ni vita vya Waislamu na mfalme wa Warumi wa Mashariki. Abunuwasi tunayemsimulia kwa watoto wetu kama jirani ana asili ya Baghdad. Taarabu ilianza kwa kusikiliza Misri, na mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Filamu ya Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa Zanzibar na bara na watu wasiojua Kihindi hata kidogo. Na Mwalimu Nyerere, katika miaka ya kwanza ya Uhuru, aliketi akatafsiri tamthilia za Mwingereza, Julius Caezar ikatoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakuna anayethubutu kusema Mwalimu alikuwa na kasumba. Alichofanya ni kuichukua hadithi ya Roma iliyoandikwa London na kuifanya izungumze nasi. Anayetia sauti ya Kiswahili katika tamthilia ya Istanbul anafuata njia hiyo hiyo, na mama wa Chang'ombe anayemsikiliza yumo katika mila yenye umri wa karne tatu.

Uzito wa dhuluma hii unaonekana zaidi ukiwatazama Waingereza. Januari 2011 BBC Four ilianza kuonesha tamthilia ya polisi ya Denmark, Forbrydelsen, waliyoiita The Killing. Ilikuwa na sehemu 20 kwa kesi moja ya mauaji ya binti, yote kwa Kidenishi, na maandishi ya Kiingereza chini. Waingereza wakaganda mbele ya runinga. Sweta alilovaa mpelelezi Sarah Lund likatafutwa madukani. Mwaka uliofuata ikaja Borgen, hadithi ya mwanamke anayekuwa waziri mkuu, kisha The Bridge ya Denmark na Sweden. Mwaka 2016 Channel 4 ikaanzisha huduma nzima, Walter Presents, ya tamthilia za lugha za kigeni.

Magazeti ya Uingereza hayakuandika kwamba taifa limepatwa na ulimbukeni. Mtazamaji alisifiwa kuwa mtu makini, mwenye upeo, anayetaka hadithi isiyoharakishwa. Na sifa hizo zilikuwa za haki, kwani The Killing iliwapa wazazi waliofiwa, jikoni mwao, muda mrefu kama ilivyowapa polisi na wanasiasa, na maandishi yale yalimlazimu akaze macho, asichezee simu. Sasa mwalimu wa shule ya msingi aliyeko London akitazama Denmark, ni utamaduni. Mwalimu mwenzake aliyeko Kikuyu, Dodoma, akitazama Uturuki, ni upotovu. Mizani hiyo ni ya uonevu, na wanaoitumia dhidi ya Watanzania ni Watanzania wenzao.

Waingereza hao hao walishatega sikio kwetu. Hukwe Zawose, mtoto wa Kigogo aliyezaliwa katika ardhi hii ya kati, alirekodi Chibite katika lebo ya Real World ya Peter Gabriel, ikatoka mwaka 1996. Watu wasiojua neno la Kigogo walimsikiliza akipiga zeze na ilimba. Tulijivunia, na tulikuwa sahihi kujivunia. Tuliona ni jambo jema mgeni kuvutwa na chetu. Basi Mtanzania naye ana haki ya kuvutwa na cha mgeni bila kutukanwa.

Inabaki hoja yenye uzito, ya riziki ya wasanii wa nyumbani. Hoja hii naiheshimu, lakini inamwelekea mtu asiyehusika. Kituo cha televisheni kikinunua haki ya kuonesha tamthilia iliyokwisha kutengenezwa nje, kinalipa sehemu ndogo tu ya gharama ya kutengeneza nyingine mpya hapa. Uamuzi huo unafanywa ofisini, kwa hesabu za biashara. Mama wa saluni hakualikwa kwenye kikao hicho. Yeye anawekewa sahani mezani, kisha analaumiwa kwa kula.

Pale anapowekewa cha nyumbani kilichoiva, anakila kwa hamu. Aprili 2012 mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alipofariki, Dar es Salaam ilifurika waombolezaji; watu hawamlilii hivyo msanii wanayemdharau. Tamthilia zetu za Huba na Jua Kali zimefuatiliwa kwa miaka, na mazungumzo yake yanasikika kwenye daladala. Watazamaji waliozikimbia filamu zetu nyingi walikimbia sauti isiyosikika, hadithi iliyokatwa vipande viwili ili iuzwe mara mbili, na miswada iliyoandikwa juu juu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wadenishi ni takriban milioni 6 tu. Sisi, kwa sensa ya mwaka 2022, tulikuwa zaidi ya milioni 61, na UNESCO inahesabu wazungumzaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Shirika lao la utangazaji la umma, DR, halikuwakemea wananchi kwa kutazama vipindi vya Marekani. Liliwapa waandishi muda, fedha na mamlaka juu ya hadithi zao, miaka kwa miaka, mpaka Uingereza ikaja kununua.

Tusiseme hatuna hadithi. Hapa tu, Kongwa, Serikali ya Uingereza ilileta matrekta mwaka 1947 kulima karanga kwa mamilioni ya pauni, na mpango ukafa ndani ya miaka michache kwa sababu wakubwa hawakutaka kusikia habari za udongo na mvua za Ugogo. Kongwa hiyo hiyo, katika miaka ya 1960, ilipokea wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na MPLA; walifanya mazoezi, wakapenda, wakaacha watoto, wakarudi kwao kuongoza nchi. Dodoma mjini kuna sakata la viwanja lililochosha familia nyingi tangu Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipoundwa mwaka 1973 mpaka ilipovunjwa mwaka 2017. Kuna watumishi waliohamishiwa huku na wenzi wao wakabaki Dar es Salaam. Kila moja ya hizo inatosha sehemu 20, na hakuna anayezitengeneza kwa kiwango zinachostahili.

Kwa hiyo maswali yaelekezwe panapohusika. Wenye vituo waseme ni sehemu gani ya faida ya tamthilia za kigeni wanayoirudisha kwa waandishi wa Kitanzania. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo na unatoa mikopo. Uwape waandishi wa miswada uzito ule ule unaopewa wenye kamera. Majina ya watafsiri na waingiza sauti yaandikwe kwenye skrini kila sehemu inapokwisha, kwa kuwa ni wasanii kamili. Maandishi ya Kiswahili yawekwe chini ya tamthilia zote, za kigeni na za kwetu, ili kiziwi naye afuatilie na mtoto asome. Wagogo, Warangi na Wanyaturu waigize kwa lugha zao, na Kiswahili kipite chini. Watazamaji waliozoea Kikorea hawatashindwa.

Nawe unayetazama, tazama bila aibu. Anayekuita limbukeni mwombe akutajie tamthilia ya nyumbani aliyoifuatilia mwaka huu mpaka mwisho, na mwandishi wake ni nani. Akishindwa kujibu, hana haki ya kukuhukumu.