KAZI ZA MIKONO YETU: Kipande Kinacholegea Si Ushahidi wa Wizi



Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa Kasanga, na tunamjibu mbele ya wote kwa kuwa jambo lililompata laweza kuipata nyumba yoyote. Wanawake wa kanisa lake walichanga fedha wakanunua plaiwudi ya milimita 3, nyeupe na ya kahawia. Wakamkabidhi mwanawe, ambaye anafanya kazi mjini Sumbawanga katika karakana yenye mashine ya kukatia mbao kwa mwanga wa leza. Walitaka vibao 30 vya kutundika ukutani, kila kimoja kikiwa na msalaba wa kahawia uliopachikwa ndani ya ubao mweupe. Vingeuzwa wakati wa Krismasi, na fedha hizo zingenunua vifaa vya kujifungulia kwa akina mama wasio na uwezo. Misalaba ikarudi inacheza ndani ya matundu yake. Tangu hapo pana minong'ono kwamba kijana aliipunguza mbao, na mama mtu haendi tena kwenye kikundi.

Tuanze na jambo lililo wazi kwa kila mshonaji. Ukikata kitambaa sawasawa na kipimo cha kiuno, gauni halitaingia, kwa sababu mshono nao unakula nguo. Ndivyo ilivyo kwa fundi wa mitumbwi anayepasua mbao: msumeno unakula njia yake, na kilicholiwa kinaanguka chini kuwa unga wa mbao. Mwanga wa leza nao unakula, ila chakula chake kinatoka kama moshi, hivyo hatukioni. Katika plaiwudi nyembamba huwa unakula kiasi cha milimita 0.1 hadi 0.3.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mwanga unakula milimita 0.2, na mchoro wa msalaba una upana wa milimita 40. Mashine inapita katikati ya mstari, kwa hiyo inakula 0.1 kila upande. Msalaba unatoka ukiwa na 39.8. Tundu, lililochorwa kwa kipimo kilekile, linatoka na 40.2. Tofauti ni 0.4, na hapo kipande lazima kicheze. Hakuna aliyeiba. Mchoro mmoja umetumika mara mbili bila kuacha nafasi ya mwanga, basi.

Dawa yake ni kusogeza mstari wa kukatia. Mstari wa msalaba usogezwe nje kwa nusu ya ulaji, yaani 0.1, na mstari wa tundu usogezwe ndani kwa 0.1. Vyote viwili vitatoka na 40 kamili. Programu nyingi za mashine hizi zina mahali pa kuandika kipimo hicho.

Lakini kwanza ulaji wenyewe upimwe, usikisiwe. Kijana achukue kipande cha plaiwudi ileile, achore mstatili wa urefu wa milimita 100, augawe katika vipande 10 vya milimita 10 kila kimoja, na kila mstari ukatwe mara moja tu. Mistari ya kukata kuvuka ule urefu itakuwa 11, pamoja na ya mwanzo na ya mwisho. Avisukume vipande vyote upande mmoja ndani ya tundu lao, apime nafasi iliyobaki, kisha aigawe kwa 11. Ikibaki milimita 2.2, ulaji ni 0.2.

Akishasahihisha na mambo bado hayakai sawa, atazame haya:

Vipande vikikataa kuingia kabisa, huenda ameandika ulaji wote mahali pa nusu, au amesogeza mstari kwenye mchoro na programu nayo ikausogeza tena.

Vikizidi kulegea kuliko mwanzo, mstari umesogezwa upande usiofaa: wa msalaba umeingia ndani, wa tundu umetoka nje.

Asijaribu kuukuza msalaba wote kwa asilimia. Ule mti mrefu utaongezeka zaidi kuliko upana wa mikono yake, na hautakaa.

Duara likitoka kama yai, kasoro iko kwenye mikanda ya mashine, wala si kwenye kipimo hiki.

Jana vilikaa na leo havikai? Afute lenzi, aangalie kama ubao umepinda, na ahakikishe kasi na nguvu ya mwanga havikubadilishwa. Kila ubao mpya upimwe upya. Tena mbao hunywa unyevu: zilizokauka juu Ufipa zaweza kuvimba kidogo zikishushwa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo asibane mno.

Na vile vibao 30, visitupwe! Matundu yameshakuwa na 40.2. Ikatwe misalaba mipya tu, mstari usogezwe nje kwa 0.2, nayo itatoka na 40.2. Gharama ni ile plaiwudi ya kahawia peke yake. Palipobaki ufa mwembamba, changanyeni unga laini wa mbao ileile na gundi ya mbao, jazeni, acheni ikauke, kisha pigeni msasa.

Sisi tulio kwenye kazi ya uuguzi hatuwezi kuacha neno la afya. Mama, mwulize mwanao kama moshi unatolewa nje na feni. Mwambie asikubali kamwe kukata plastiki ya PVC au ngozi bandia iliyotengenezwa nayo, hata mteja akiongeza fedha, kwa maana inatoa hewa ya asidi inayochoma mapafu na kuila mashine yenyewe. Asikate kifuniko kikiwa wazi, kwa ajili ya macho yake, wala asiiache mashine ikifanya kazi peke yake, maana mbao huwaka. Akiungua, aweke sehemu hiyo kwenye maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipake dawa ya meno wala mafuta.

Kwenu ninyi akina mama wa kikundi: Mambo ya Walawi 19 inatukataza vipimo vya udanganyifu, nasi twaipenda sura hiyo tunapokwenda sokoni. Lakini kumhukumu mtu kabla ya kupima nako ni kipimo kibovu. Tunawasihi wawili wenu waende nyumbani kwa mama huyo juma hili, wasisubiri misalaba mipya ifike. Wamwombe arudi. Kijana naye aitwe awaonyeshe vile vipande 10, wote waione kwa macho yao nafasi iliyobaki. Jina la mtoto likishachafuliwa kanisani, hakuna gundi ya kulijaza. Ni lazima walewale walionong'ona waseme kwa sauti kwamba hakuiba.

Kikundi kingine chenye kazi ya mikono iliyokwama kituandikie. Hadi mwezi ujao, Mungu azibariki nyumba zenu.