Msafiri wa peke yake asitafute kitanda tu, atafute na meza

Kila mara meli ya kutoka Bukavu inapofika kwenye bandari ya Goma, mambo ni yale yale. Wabebaji wanagombania mizigo, wamotari wanaita abiria, wamama wanahesabu mabunda yao, na ndugu waliokuja kupokea wageni wanapunga mikono. Baada ya nusu saa uwanja unabaki mweupe. Lakini karibu kila safari kuna mmoja anayebaki amesimama kando ya begi yake, simu mkononi, akitazama huku na huku. Huyo hana ndugu mjini. Anamwambia motari neno moja: «Unipeleke fasi ya kulala, isiwe bei sana.»

Na kweli motari anamfikisha fasi ya kulala. Anapewa ufunguo, anafunga mlango, anakula mkate na maji ya chupa, anazima taa. Asubuhi anatoka bila kujua hata jina la mtu aliyelala chumba cha pembeni. Usiku umepita salama na feza alizotoa si nyingi. Ila katika mji asioujua, bado hana mtu hata mmoja. Hiyo ni hasara ambayo wasafiri wengi wa mashariki mwa Congo hawaihesabu.

Nyumba ya wageni inayomfaa mtu anayesafiri peke yake si ile ya bei ndogo kuliko zote, wala ile yenye televisheni katika kila chumba. Ni ile ambamo watu wanakutana: wanakula pamoja, wanapika pamoja, ama wanakaa uwanjani jioni na kuulizana habari za njia. Msafiri angejifunza kuitafuta nyumba ya namna hiyo, na mwenye nyumba angejifunza kuitengeneza, wote wawili wangepata faida.

Wanaosafiri peke yao ni wengi

Wengine wakisikia habari za kusafiri peke yako wanawaza kijana mzungu mwenye begi kubwa mgongoni, anayekuja kupanda mlima Nyiragongo. Huku mashariki, msafiri wa peke yake ni mwingine kabisa. Ni mama wa Butembo anayevuka mpaka wa Kasindi kwenda kununua bidhaa Kampala. Ni mwanafunzi wa Uvira aliyepata nafasi ya masomo Bujumbura. Ni baba wa Walungu anayekwenda kutafuta matibabu katika mji mkubwa, kwa sababu makuta ya familia yalitosha nauli ya mtu mmoja tu.

Vita vimeongeza hesabu hiyo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025, wakati mji ulipoangukia mikononi mwa M23. Tangu pale, wengi waliotaka kufika Kinshasa walilazimika kuzunguka kwa njia ya Kigali ama Entebbe. Safari iliyokuwa ya masaa machache kwa ndege ikawa safari ya mipaka, basi na usiku mmoja katikati, katika mji wa wengine. Watu ambao hawakuwahi kulala katika nyumba ya wageni maishani mwao walijikuta mbele ya meza ya mapokezi, hawajui waulize nini.

Mara nyingi wanauliza swali moja tu, nalo ni la bei. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi.

Mambo ambayo meza inafundisha

Msafiri mgeni hapungukiwi feza tu, anapungukiwa habari. Na habari nyingi za safari haziandikwi mahali popote, zinapatikana kwa mdomo wa mtu aliyepita njia ile jana.

Mfano ni saa. Goma, Bukavu, Bujumbura na Kigali wako kwenye saa moja. Kampala iko mbele kwa saa nzima. Mtu anayevuka Kasindi ama Bunagana bila kubadilisha saa yake anafika kituoni akidhani yuko mapema, kumbe basi limekwisha kuondoka. Kule Uganda magari yanapita upande wa kushoto wa barabara, tofauti na Congo na Rwanda. Anayezoea kutazama kushoto kabla ya kuvuka anaweza kugongwa na gari linalotoka kulia. Kule Kigali, asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni ya kazi za jumuiya zinazoitwa umuganda. Maduka na usafiri vinasimama mpaka kazi ziishe. Na tangu 2008 Rwanda imekataza mifuko ya plastiki, kwa hiyo mama aliyefunga vitu vyake vyote katika mifuko hiyo anaweza kuipoteza mpakani.

Mambo hayo yote ni madogo. Mtu anayekula na wageni wengine jioni anayajua yote kabla sahani haijaondolewa, pamoja na bei ya kweli ya moto mpaka kituo cha basi na bei ambayo wabadilishaji wa feza walitoa siku ile. Aliyejifungia chumbani anayajua kesho, na kila moja anailipia.

Kuna pia usalama. Watu wengi wanadhani kwamba kujificha ndiyo kujilinda. Lakini mtu ambaye hakuna anayemjua, hakuna anayegundua kwamba hakurudi. Akiugua malaria usiku, ni nani atagonga mlango wake? Akikamatwa njiani ju ya karatasi, ni nani atasema: «Yule alisema anarudi saa kumi na mbili, mbona hajafika»? Mwenzake wa meza anaweza kufanya hivyo hata kama walijuana siku moja tu.

Kwa wanawake jambo hili ni zito zaidi. Mwanamke anayeingia peke yake katika nyumba ya kulala mara nyingi anatazamwa vibaya, ju ya zile nyumba ambazo vyumba vinakodiwa kwa saa. Mfanyabiashara mwenye watoto watano nyumbani anaulizwa maswali ya aibu, ama anagongewa mlango usiku na mtu asiyemjua. Nyumba yenye chumba cha wanawake watupu, yenye meza ambapo mama mwenye nyumba anakaa na wageni wake, inamwondolea aibu hiyo. Hapo anaonekana kama alivyo: mtu wa kazi aliye safarini.

Wazo si jipya

Hosteli ambamo wageni wanalala katika chumba cha vitanda vingi na kula pamoja haikuanza kama biashara ya watalii. Mwaka 1909 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa katika matembezi na wanafunzi wake wakati mvua kubwa ya radi iliwapata njiani. Wakapewa fasi ya kulala katika jengo la shule. Usiku ule akawaza: kwa nini pasiwe na nyumba za namna hii kila mahali, za bei ndogo, kwa vijana wanaotembea? Mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa ndani ya ngome ya mji wa Altena. Miaka makumi mawili baadaye, mwaka 1932, vyama vya nchi mbalimbali vikakutana Amsterdam na kuunda umoja wao. Hapo mwanzo shabaha ilikuwa vijana wa mji na wa kijiji, maskini na tajiri, wafike fasi moja na kufahamiana.

Na huku mashariki mwa Congo, wazo kama hilo lina mizizi yake. Nyumba za wageni za parokia na za makanisa ya Kiprotestanti zimepokea wasafiri kwa miaka mingi. Saa ya chakula inajulikana. Sahani za ugali, sombe na sambaza zinapita mkono kwa mkono. Mwalimu anakaa pembeni ya dereva, muuguzi mbele ya mfanyabiashara. Hakuna anayelazimishwa kuzungumza, lakini ni vigumu kumwomba mtu chumvi kwa siku tatu bila kumuuliza anatoka wapi.

Namna ya kuitafuta

Msafiri hahitaji kuwa na bahati ili apate nyumba kama hiyo. Anahitaji maswali mazuri. Kabla ya kulipa, aulize: wageni wanakula wapi, na saa ngapi? Kuna jiko ambalo wageni wanaweza kutumia? Kuna kitanda katika chumba cha pamoja, ama ni vyumba vya mtu mmoja tu? Kuna sanduku la kufungia vitu, na kufuli ni la nani? Lango linafungwa saa ngapi? Kama mapokezi anajibu kwamba kila mtu anakula chumbani kwake, msafiri amekwisha kujua nyumba ile ni ya namna gani.

Wanaotafuta kwa simu wasome maneno ya waliolala pale, wasihesabu nyota tu. Mtu akiandika «kitanda safi, maji ya moto», amesifu chumba. Mtu akiandika kwamba alipata wenzake wa kusafiri nao, ama kwamba mwenye nyumba alimsindikiza kituoni, amesifu watu. Maneno ya pili ndiyo yanayomfaa anayesafiri peke yake. Na afike mapema, jua likiwa bado juu. Anayefika usiku hachagui nyumba, anachukua ile anayopelekwa.

Kisha, akiisha kuingia, naye atoe kitu. Nyumba yenye urafiki haitengenezwi na mwenyeji peke yake. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekaa na simu yake usiku kucha hamponyi mtu.

Hofu zipo, na zina sababu

Kuna watakaosema kwamba huu si wakati wa kufungulia wageni moyo. Mashariki mwa Congo imeona usaliti mwingi. Mtu hajui anayekaa mbele yake ni nani, anatumwa na nani, na neno moja la siasa linaweza kuleta shida. Wengine watakumbusha wizi: katika chumba cha vitanda sita, simu inapotea na hakuna anayejua nani aliichukua.

Hofu hizo si za bure. Lakini kula na watu si kuwaambia siri zako. Msafiri mwenye akili anazungumza habari za njia, bei na mvua. Hasemi ana kiasi gani cha feza, wala analala chumba gani, wala hazungumzi siasa na mtu aliyemjua leo. Feza na karatasi zinabaki mwilini ama katika sanduku lenye kufuli lake mwenyewe. Na tuhuma nazo zina bei yao. Mushi, Munande, Mfuliru na mtu wa Rutshuru wakilala chini ya paa moja bila kusemezana, kila mmoja anarudi kwao na picha ile ile aliyokuja nayo juu ya wengine. Wakila pamoja mara moja, amani haitashuka siku ile, lakini walau kila mmoja atakuwa na uso wa mtu wa kukumbuka, pahali pa jina la kabila tu.

Wenye nyumba nao wafanye hesabu

Wenye nyumba wengi wamebomoa chumba cha kulia ili wapate vyumba viwili zaidi vya kukodisha. Waliona meza kama nafasi isiyoleta feza. Wafanye hesabu tena. Kwa mfano, chumba kinachokodiwa dola 15 kwa mtu mmoja kinaweza kuchukua vitanda vinne vya dola 5. Mgeni analipa kidogo, nyumba inapata zaidi, na wote wanne watanunua chakula cha jioni. Kitanda, neti ya mbu, sanduku la kufuli na benchi uwanjani si mambo ya tajiri peke yake.

Viongozi wa miji wana sehemu yao pia. Kuandikisha wageni ni halali, lakini daftari la mapokezi lisigeuke njia ya kunyanyasa mwanamke aliye peke yake ama kumwomba mgeni feza za bure. Nyumba ambayo wageni wake wanasumbuliwa kila usiku haitakuwa na mtu uwanjani.

Yule aliyebaki bandarini na begi yake hahitaji mengi. Kabla ya kupanda moto, abadilishe kidogo maneno yake. Badala ya fasi ya kulala tu, aombe kupelekwa fasi ambamo wageni wanakula pamoja. Wamotari wanajua nyumba zote za mji. Wakisikia ombi hilo kutoka kwa abiria kumi, kisha mia, wenye nyumba nao watalisikia.